Wimbo wa Maharage Ndani ya Flashi

Nilidhani mashine ya kurekodia nyimbo inatunza wakati kama saa ya ukutani, kwa dakika na sekunde. Neno hili la mke wangu lilitoka dakika ya kwanza, lile likafuata sekunde kadhaa baadaye, na mashine ikaandika hivyo hivyo kama karani mwaminifu. Sivyo. Haiandiki hivyo hata kidogo. Nimekuja kulijua jambo hili uzeeni, na aliyenifundisha ni Mkongomani mmoja pale Kibondo, wala si yule fundi wa Kasulu aliyestahili kuniambia mapema, kabla sijaahidi mbele za watu kitu nisichokuwa nacho.

Niliishia darasa la nne. Nalisema mapema ili msomi asije akajitia kunikamata kwenye herufi. Mwalimu wetu alikuwa na shamba la muhogo kubwa kuliko shule yenyewe, na hesabu ya kuzidisha tulijifunzia humo: mistari saba, mashimo tisa, yapo mashimo mangapi? Ukikosea unachimba jingine. Nilichimba mengi. Lakini si la mwalimu nililokaa kuandika, niacheni nirudi kwenye maharage.

Mke wangu alikuwa na wimbo wa kupura maharage. Aliutunga mwenyewe, hakuupata kwa mama yake wala kwa bibi yake. Wanaojua kazi hii wanaijua. Maharage yakikauka yanang'olewa na mashina yake, yanaanikwa, halafu yanarundikwa uani, na wanawake wanayazunguka kila mmoja na fimbo yake. Yeye aliimba mstari mmoja, akanyamaza. Hapo fimbo zikashuka, pu, pu, pu. Akaimba mwingine, akanyamaza tena. Sasa sikilizeni hili maana ndilo lenyewe: kule kunyamaza hakukuwa na kipimo. Rundo likiwa nene alinyamaza muda mrefu, fimbo zikafanya kazi yake hadi maganda yapasuke. Rundo likipungua, naye akapunguza kunyamaza, hadi mwisho mistari ikafuatana karibu bila pumzi na wanawake wakawa wanacheka huku wanagonga ardhi tupu. Hakuhesabu. Alitazama rundo tu.

Na maneno ya wimbo wenyewe yalinisema mimi. Mstari wa tatu ulisema nyumbani kwao kuna debe lisilo na punje hata moja, na kelele zake zinasikika hadi Kitanga. Wanawake walikuwa wanageuka kunitazama. Nilikasirika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili nikazoea, na baadaye nikawa najisifu kwa wageni kwamba nyumbani kwangu natungiwa nyimbo.

Mwaka 2013 kifua kilimsumbua. Tukatoka Kibondo hadi Kabanga hospitali, akapimwa, tukaambiwa turudi baada ya siku mbili. Tukalala kwa ndugu yetu Kasulu mjini. Asubuhi yake, kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, tukawa tunatembea kwenye mtaa wa maduka, wenye maduka, wale waungwana wa kofia za kufuma, wanafungua milango na kumwaga maji vumbi litulie, na katikati ya duka la vitenge na duka la misumari palikuwa na mlango umebandikwa picha ya maikrofoni. Kutoka ndani ngoma ilikuwa inagonga hadi misumari ya jirani inacheza kwenye makopo.

Wazo lilikuwa langu. Siwezi kumsingizia mtu.

"Twende ukaimbe," nikamwambia.

"Niimbe nini?"

"Ule wako wa kunitukana."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Baba watoto, na maharage yako wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka kusali, na sijapata kulijibu.

Ndani palikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa mbao. Upande mmoja meza, kompyuta na spika mbili. Upande wa pili kijichumba chenye magodoro ukutani, trei za mayai darini na blanketi mlangoni. Fundi mwenyewe alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, ana mke na watoto wawili, mpole, kofia ameigeuza nyuma. Watu wa mjini wanamwita prodyuza. Aliinuka kwenye kiti akatupa heshima zetu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama ana wimbo," nikasema.

"Wa dini?"

"Wa maharage."

"Duh! Hiyo kali." Akacheka hadi akashika meza. "Mama, ukiuza wewe nitakula maharage maisha yangu yote. Ingia humo, vaa hedfoni."

Akamwingiza mke wangu nyuma ya blanketi, mimi nikabaki mezani. Hatukuonana tena mimi na yeye hadi kazi ilipokwisha. Prodyuza akanigeukia, kidole chake juu ya kitufe kimoja.

"Mzee, kabla hatujaanza nipe spidi. Nipigie makofi ya kwenu, yale ya Kiha kabisa."

Makofi ya kwenu! Sasa ninyi niambieni, Muha akiambiwa apige makofi ya kwao atapiga yapi? Mimi najua makofi ya aina moja, yale ya kumwamkia mkubwa: unainama kidogo, unakunja viganja, unayapiga taratibu huku unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Maharage hayapigwi makofi, yanapigwa fimbo. Lakini mtu ameniuliza kwa heshima, mbele ya kompyuta, nami sikutaka kuonekana mshamba. Nikainama pale pale kwenye kiti nikaiamkia ile kompyuta. Pa, pa, pa, pa. Yeye akawa anabonyeza kitufe chake kila nikigonga. Ikatoka namba kwenye kioo: tisini na mbili.

"Safi kabisa, mzee. Una mkono wa saa."

Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha akamtia mke wangu kwenye masikio mlio wa tik, tik, tik wa kufuata ile tisini na mbili. Haikupita hata dakika moja tukasikia sauti yake kwenye spika: "Jamani, humu kuna panya anatafuna. Nitoeni." Prodyuza akacheka, akauzima ule mlio, akamwambia basi imba unavyojua. Akaimba. Kwa kuwa hapakuwa na rundo la kutazama, sijui alitazama nini humo ndani, labda godoro. Aliimba wote, mwanzo hadi mwisho, na kunyamaza kwake kote. Mimi niliusikia. Niliusikia mara moja tu.

Alipotoka, prodyuza alikuwa tayari anaukata. Kwenye kioo sauti yake ilionekana kama safu ya viwavi, kiwavi kimoja kila mstari, na katikati yao utupu. "Hapa ni hewa tu, mama," akasema, na kila palipo na utupu akapiga mkasi. Akavichukua vile viwavi akavipanga kwenye mistari ya kioo kimoja kimoja, kama mwanafunzi anayepanga viti. Akatia ngoma chini yake, akacheza.

Mke wangu alisikiliza amesimama, mkoba mkononi. Akasema kwa Kiha, ili prodyuza asielewe, kwamba mwanamke huyo anaimba kama anayefukuzwa na ng'ombe, na kwamba yeye hamjui.

"Anasemaje mama?" prodyuza akauliza.

"Anasema ameupenda," nikajibu.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nimeahidi kusema ukweli katika karatasi hizi na ukweli mwingine una sura mbaya.

Miezi ikapita. Siku moja tuko stendi ya Kibondo, yeye na kikapu chake, mimi na maneno yangu, tukasikia sauti yake kwenye redio ya bodaboda. Lakini ilikuwa mbio! Ngoma imepandishwa, mstari haujaisha mwingine umeshaukanyaga mkia. Lile neno la mwisho la kila mstari, ambalo ndilo lililokuwa na kichekesho, halikusikika tena. Vijana wa bodaboda wakawa wanacheza na helmeti kichwani. Mmoja akapaza sauti, "Bibi Maharage huyoo!" bila kujua bibi mwenyewe amesimama nyuma yake. Baadaye nilikuja kusikia kwamba prodyuza aliona wimbo unasinzia, akaupandisha hadi mia moja na kumi na nane ili uchangamshe harusi. Hakutuuliza.

Mke wangu akaingia duka la jirani. Alinunua chumvi, tukarudi. Msimu ule maharage yalipokauka, wanawake wakazunguka rundo, wakangoja. Akachukua fimbo akaanza kupiga kama wao. Wakapura kimya hadi mwisho. Mwaka 2014, mvua za kwanza zilipoanza, alikufa. Kifua hicho hicho.

Alizikwa, watu wakalia, na mdogo wake akatoka Munanila kuja kukaa matanga. Huyu shemeji yangu ni mwanamke mfupi, mweusi, mwenye kusema jambo mara moja tu. Aliolewa huko mapema, hakuwahi kupura uani kwetu zaidi ya misimu miwili, wimbo aliujua kwa kipande. Siku ya tatu, wazee wamekaa, akasimama akaninyooshea kidole.

"Shemeji, ulimpeleka dada yangu Kasulu, ukaiacha sauti yake huko. Inayopigwa barabarani si yake. Siku ya kuondoa tanga, maharage ya mwaka kesho yakikauka, nataka aimbe hapa uani mwake jinsi alivyokuwa anaimba. Na kunyamaza kwake kuwepo. Ukishindwa niambie sasa."

"Sishindwi," nikasema. "Ipo kwenye kompyuta. Kompyuta haisahau."

Nani aliniambia kompyuta haisahau? Hakuna. Nilijisemea mwenyewe, na watu wote wakasikia. Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nayo shingoni mwaka mzima.

Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, 2015, nilikwenda Kasulu. Prodyuza alikuwa amehamia chumba kingine, mashine mpya, magodoro mapya. Alinipa pole ya kweli, hadi macho yakamlowa, wala simsemi vibaya kwa hilo. Nikamweleza shida.

"Usiwaze mzee wangu. Ile ya kwanza kabla sijaipandisha ninayo. Nakupa projekti nzima, kila kitu kimo humo. Mtu yeyote mwenye programu kama yangu atakufungulia."

Akachomeka flashi, akabonyeza, mara ikawa tayari. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Laiti ningekuwa na elimu, wepesi ule ungenishtua. Sauti ya mtu mzima inaingiaje kwenye kijiti upesi kuliko sindano inavyoingia mkononi? Lakini nilishukuru, nikaifunga kwenye nailoni, nikaiweka mfuko wa shati, na njia nzima hadi Kibondo mkono wangu haukutoka kifuani. Jirani yangu kwenye gari akaniuliza kama moyo unauma.

Pale Kibondo kulikuwa na Mkongomani aliyekuwa anapiga kinanda kwaya ya kanisani. Alikuja enzi za kambi za wakimbizi akabaki, na alikuwa na kompyuta ya mapajani yenye programu hiyo. Mtu wa adabu sana, kila akiongea anachanganya Kifaransa kama mtu anayetia iliki kwenye chai. Tukakaa barazani kwake mchana. Akachomeka, akafungua, akakunja uso.

"Papa, hii fishie ni kidogo sana." Fishie ndivyo alivyokuwa anaita faili. "Sauti iko wapi?"

"Si imo humo?"

Akanigeuzia kioo. Vile viwavi havikuwepo. Palikuwa na vijisanduku vitupu, kila kimoja mahali pake, kama makaburi yasiyozikwa mtu. Juu yake maandishi mekundu: sauti haionekani.

"Hii haina muziki," akasema kwa upole. "Hii ni barua tu. Inaambia mashine: fata sauti fulani, kwa nyumba fulani, weka hapa. Sauti yenyewe ilibakia kule Kasulu. Ngoja nikusomee."

Akalifungua faili kwa njia nyingine, likaja maandishi matupu, mistari mingi ya namba. Akaweka kidole akawa ananisomea kama padri anavyosoma majina ya marehemu. Jina la sauti: BIBI MAHARAGE TEKI 2, yaani kuimba kwa mara ya pili. Hivyo ndivyo mke wangu alivyoandikwa. Kisha: kipande cha kwanza kinaanza pigo la tisa. Cha pili, pigo la kumi na saba. Cha tatu, ishirini na tano. Cha nne, thelathini na tatu.

"Pigo la nini?" nikauliza. "Si dakika?"

"Apana, papa. Siyo dakika. Mashine inahesabu mapigo ya ngoma. Kusema pigo la kumi na saba liko kwa sekonde ngapi, inatazama kwanza tempo, ile spidi. Tempo ikibadilika, pigo la kumi na saba linabakia la kumi na saba, lakini kwa saa linahama."

Nilikaa kimya, jambo ambalo Mkongomani hakujua ni muujiza. Nikawa nawaza kamba. Sisi tukipanda kwa mistari tunatumia kamba yenye mafundo, na kila fundo ni shimo. Ukimwambia mtu "chimba fundo la tano", hujamwambia hatua ngapi kutoka mgombani, umemwambia fundo tu. Sasa mtu mwingine akija na kamba ya mafundo ya karibu karibu, bado atachimba fundo la tano, hajakosea, lakini shimo litakuwa pengine. Nikamweleza hivyo, na nikamwuliza: "Na shina la muhogo ninalolilaza kwenye shimo, nalo linafupika?"

Akapiga paja. "Njo vile, papa! Umeelewa kuliko wanafunzi yangu. Shina halifupike. Sauti ya mama haijui mapigo, iko na urefu wake yenyewe. Wakileta kamba ya mafundo ya karibu, shina la kwanza linafika kwa shimo la pili. Njo maana mkia unakanyagwa."

Basi nikaelewa kilichotokea stendi. Tisini na mbili ilipofanywa mia moja na kumi na nane, mafundo yalisogeleana, na maneno ya mwisho ya mke wangu yakafukiwa chini ya maneno yake mwenyewe yanayofuata. Uelewa huo haukunipa raha yoyote. Nikawa kama mtu aliyeonyeshwa nyoka aliyemuuma jana.

Nikatazama zile namba tena. Tisa, kumi na saba, ishirini na tano. Shamba la mwalimu lilinifaa kwa hilo.

"Mbona zote zinaachana kwa nane?"

"Ndiyo. Kila nane. Sawa sawa."

"Hadi mwisho?"

Akashusha ukurasa. "Hadi mwisho, papa."

Rundo nene, nane. Rundo jembamba, nane. Kwa hiyo hata kabla ya kupandishwa spidi kunyamaza kwake kulikuwa kumeshapotea, siku ile ile, kwa mkasi ule ule, nami nimekaa pembeni. Kulibaki tu kwenye ile sauti ndefu aliyoiimba bila kukatwa, na hiyo haikuwemo humu. Nikampigia prodyuza hapo hapo barazani.

"Mwanangu, sauti haimo."

"Haimo vipi mzee? Nimekupa projekti nzima."

"Umenipa barua. Sauti ndefu ya mama iko wapi?"

Nikasikia kiti kinalia. "Aisee. Zile sauti zilikuwa kwenye mashine ya zamani. Mzee, ile nilifomati, nikaifuta yote, kabla ya kuiuza. Nilihamisha projekti zote, nikajua ndiyo kila kitu." Akapumua. "Nilijua ndiyo kila kitu, wallahi."

Nilimwamini. Na kumwamini kulinikera zaidi, maana mwizi unamchukia ukapata nafuu, lakini mtu aliyekosea bila kujua unamfanya nini? Nikamwambia haya, salimia nyumbani.

Mkongomani akanimiminia chai. Kisha akauliza, pengine ili kunisahaulisha: "Hii tempo ya tisini na mbili, walitoa wapi? Kwa mama?"

"Kwangu," nikasema. "Niliambiwa nipige makofi."

"Makofi gani?"

Nikainama nikayapiga. Yeye akawa anabonyeza kompyuta yake. Akageuza kioo nisome mwenyewe. Tisini na moja.

"Ni wewe huyu," akasema akitabasamu, hakuwa na nia mbaya. Nami nikaona kitu nilichokuwa nimebeba kifuani kutoka Kasulu. Ndani ya flashi ile hapakuwa na pumzi hata moja ya mke wangu. Palikuwa na viganja vyangu, ninamsalimia mtu nisiyemjua, kwa mwendo wangu mimi, na yeye amefungwa humo kila pigo la nane.

Ningeweza kwenda Munanila kumwambia shemeji kabla ya siku. Gari lipo, miguu ipo. Sikwenda. Nilijiambia labda prodyuza atapata nakala mahali, labda kwenye simu ya mtu. Uongo. Niliogopa kidole chake.

Siku ya kuondoa tanga shemeji alifika mapema kuliko wote. Hakuja kusikiliza tu. Alikuwa amewaambia wanawake wa kwetu waje na fimbo zao, na maharage ya mwaka ule, yale ambayo mke wangu hakuyaona, akayarundika katikati ya uwanja. Rundo nene. Wakalizunguka, wengine wazee kabisa, mmoja akiegemea fimbo ile ile atakayopigia. Spika ya kukodi imewekwa mlangoni. Akanigeukia.

"Haya, shemeji. Mlete."

"Shemeji," nikasema, "sauti yake imepotea. Mashine imefutwa."

Shemeji akauliza, "Imefutwa lini?"

"Zamani. Nimejua mwezi huu."

"Mwezi huu." Akarudia kama anayeonja mboga iliyolala. Mpwa wangu aliyekuwa anashika spika, katika kutaka kuokoa aibu, akasema ile ya harusini anayo kwenye simu. Kabla hajajibiwa akaibonyeza. Ikalipuka ngoma, ikatoka sauti ya mke wangu mbio mbio. Mstari wa kwanza ukaisha, wanawake wakainua fimbo kama walivyozoea miaka yote, na fimbo zikiwa juu mstari wa pili ukawa umeshaingia. Wakangoja. Ukaisha, wakainua tena, wa tatu huo hapo. Wameshika fimbo hewani, hawajui wazishushe wapi. Yule mzee wa kuegemea akarudi kuiegemea fimbo yake.

"Zima," shemeji akasema. Ikazimwa.

Akanisogelea. Hakupaza sauti. "Mashine imesahau. Wewe umekaa naye miaka thelathini na zaidi, uani hapa hapa. Imba wewe. Maneno unayajua, si yanakusema? Imba, uache pale alipokuwa anaacha."

Nikasimama mbele ya rundo. Maneno nilikuwa nayo yote, hadi leo ninayo. Nikaimba mstari wa kwanza, sauti ya kukwaruza lakini sawa. Nikanyamaza. Fimbo zikashuka. Nikatazama rundo kama alivyokuwa anatazama, nikingoja linipe ishara, na rundo likabaki maharage tu. Nikaingia na mstari wa pili, nikakutana na fimbo katikati, pu, juu ya neno. Nikaacha, nikaanza tena, nikachelewa, wanawake wameshasimama wananingoja. Mara ya tatu nikaingia mapema tena. Ndipo nilipojua kwamba ile miaka yote, kila aliponyamaza, mimi nilikuwa ninaongea. Nilikuwa nawatania wanawake, namjibu mstari wake, nasimulia la sokoni. Sikuwahi hata siku moja kusikiliza kunyamaza kwake kunafika wapi.

"Basi, shemeji," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Akachukua fimbo ya dada yake pale ilipoegemezwa, akaingia kwenye duara, akapiga ya kwanza, na wenzake wakafuata. Walipura bila wimbo hadi rundo likalala chini. Kisha wakapepeta, mchana tukala, na kabla jua halijageuka shemeji akajifunga kitenge kingine juu ya kile cha kwanza, akaaga wazee mmoja mmoja, akatafuta pikipiki ya kumrudisha Munanila.